Posho ya zamu hupotelea kwenye faili la mgonjwa

Madaktari wa Tanga, kama wenzao kwingineko nchini, huyataja matatizo yao ya malipo kwa mkupuo: mshahara hautoshi, posho za zamu hazijatoka, bima imekata, ubingwa umekwama. Ukiyapanga moja moja unaona kila jambo lina fungu lake na mwenyewe wake, na anayebisha hodi mlango usiohusika hurudi mikono mitupu. Mshahara wa mtumishi wa umma unatoka Hazina. Posho ya zamu ya usiku, kwa sehemu kubwa, hutegemea makusanyo ya hospitali yenyewe. Makusanyo yanategemea sana madai ya bima. Na dai la bima linategemea alichoandika daktari kwenye faili saa tisa usiku, macho mazito, mgonjwa mwingine akisubiri. Hapo pa mwisho ndipo pesa nyingi zinapovuja, na ndipo miaka 5 ya shahada ya udaktari inapopita bila kugusa.

Mshahara hauhitaji maneno mengi, ila mtarajali, yaani mhitimu wa udaktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, anayekaribia ajira anapaswa kuujua kabla hajakopa. Tuchukue mshahara wa mfano wa shilingi 1,500,000, kwa ajili ya hesabu tu. Mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, unachukua 5% ya mwajiriwa, yaani 75,000. Kodi ya mapato inapigwa kwenye kinachobaki, 1,425,000: kwa kipato kinachozidi milioni moja ni 128,000 pamoja na 30% ya ziada, hivyo 128,000 jumlisha 127,500, jumla 255,500. Bima ya afya ni 3%, sawa na 45,000, na mwajiri anaongeza 3% nyingine. Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi anakatwa 15% ya mshahara wa msingi, 225,000. Jumla ya makato ni 600,500 na mkononi zinabaki 899,500, kabla ya mchango wa chama cha wafanyakazi na kabla ya mkopo wowote wa benki. Kanuni ya theluthi moja inamtaka mtumishi abaki na angalau theluthi ya mshahara wake, kwa mfano huu 500,000. Ukiona afisa mikopo anakuhesabia kiasi kinachokushusha hadi hapo hapo kwenye theluthi, jua hesabu hiyo imetengenezwa kwa faida ya benki.

Nani anakulipa hutegemea nani anamiliki hospitali. Bombo, kama hospitali nyingine za rufaa za mikoa, iko chini ya Wizara ya Afya. Hospitali za wilaya za Korogwe, Lushoto, Handeni, Pangani na kwingineko ziko chini ya halmashauri zao, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Hospitali Teule ya Muheza ni ya Kanisa Anglikana, na hospitali za namna hiyo huwa na watumishi wanaolipwa na Serikali bega kwa bega na wanaolipwa na mwenye hospitali. Wawili wanaweza kushika zamu moja, wodi moja, huku mmoja pensheni yake iko PSSSF na mwenzake NSSF, mfuko wa sekta binafsi, ambako anakatwa 10%. Anayefanya zamu za pembeni kwenye hospitali binafsi mjini hulipwa kama mtoa huduma na hukatwa kodi ya zuio 5%. Adai hati ya makato hayo kila anapolipwa, kwa sababu bila hati hana cha kuonyesha TRA kwamba kodi ilishakatwa.

Ubingwa nao ni suala la mshahara zaidi ya watu wanavyodhani. Shahada ya uzamili ya tiba huchukua miaka 3, na baadhi ya fani zaidi. Mtumishi wa umma aliyeondoka na ruhusa ya masomo iliyoandikwa anaendelea kulipwa. Aliyeondoka kwa ahadi ya mdomo ya mkubwa wake, kisha mkubwa akahamishwa, anahesabiwa mtoro kazini, na utoro ni kosa la kufukuzisha kazi. Wa sekta binafsi kwa kawaida hukosa mshahara miaka yote hiyo, huku akishinda wodini akihudumia wagonjwa na ada akilipa.

Kisha anahitimu, na hapo ndipo wengi hushangaa. Cheti hakibadilishi mshahara. Kinachobadilisha ni kubadilishiwa muundo, yaani kuhamishwa kutoka kada ya daktari wa kawaida kwenda ya bingwa, na hilo linahitaji vitu vitatu vikutane: usajili wa ubingwa kwenye Baraza la Madaktari, barua ya mwajiri, na nafasi iliyotengewa fedha kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa. Ikama na bajeti ya mishahara huandaliwa miezi mingi kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1. Ofisi ya utumishi ikipata habari za kuhitimu kwako bajeti ikiwa imeshafungwa, utafanya kazi ya bingwa kwa mshahara wa daktari wa kawaida mpaka mwaka unaofuata wa fedha. Dawa yake ni ndogo sana: mwanafunzi akiingia mwaka wa mwisho, aandike barua kwa afisa utumishi kueleza mwezi anaotarajia kumaliza na fani yake, abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Watu wa Tanga wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Kwa mabingwa umekuwa kweli kwa sababu ya barua kama hizi zisizoandikwa kuliko kwa sababu ya hali ya maisha pembezoni kama Songe au Mkinga.

Leseni na usajili

Vitu hivi viwili vinachanganywa kila siku. Chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia taaluma ya udaktari, mhitimu kwanza hupata usajili wa muda unaomruhusu kufanya utarajali tu, chini ya usimamizi. Utarajali ni miezi 12, na mihimili yake ni magonjwa ya ndani, watoto, upasuaji, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Akimaliza, na daftari lake la mafunzo likiwa limesainiwa kila idara, anaomba usajili kamili. Usajili ni wa kukaa nao. Leseni ya kutoa huduma ndiyo inayohuishwa, kwa ada na kwa alama za elimu endelevu.

Kinachokwamisha watarajali ni daftari. Saini ya idara ya kwanza huachwa mpaka mwisho wa mwaka, na kufikia wakati huo bingwa aliyemsimamia yuko masomoni au amehamia Dodoma. Saini ichukuliwe wiki ya mwisho ya kila idara, daftari lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa. Posho ya mtarajali ni fungu jingine kabisa, haiko kwenye makusanyo ya hospitali anayofanyia kazi, hivyo kumlalamikia mhasibu wa hospitali ni kumwonea. Ucheleweshaji wa posho hizo si jambo dogo. Ndio uliowasha mgogoro wa madaktari na Serikali mwanzoni mwa 2012, uliokuja kuwa mgomo wa nchi nzima.

Leseni iliyokwisha ina gharama nyingine isiyozungumzwa. Dai la bima linabeba jina, sifa na saini ya aliyemtibu mgonjwa. Jina lisilo na leseni hai linalitia shaka dai zima, hata kama matibabu yalikuwa sahihi kabisa.

Dai la bima linavyokatwa

Kwanza tuelewe kwa nini bima ina uzito huu. Kwa sera, wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wasio na uwezo wanatibiwa kwa msamaha. Ni haki yao, na ndio wanaojaza wodi. Maana yake ni kwamba hospitali ya umma inapata pesa taslimu kwa sehemu tu ya wagonjwa wake. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilijengwa juu ya mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6, yaani 5,000 kwa kichwa. Unaobaki kuwa mlango mkubwa wa mapato ni Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, uliotungiwa sheria 1999 na kuanza kazi 2001. Hospitali inaweza kuwa imejaa mpaka wagonjwa wamelala wawili kitandani, na bado akaunti ikawa kavu.

Mgonjwa wa NHIF akifika dirishani, kadi yake inahakikiwa na inatoka namba ya uthibitisho ya siku hiyo. Namba inaingia kwenye fomu 2A/B, iwe ya karatasi au ya kwenye mfumo. Fomu ina nafasi ya ugonjwa wa awali na ugonjwa uliothibitika, kila mmoja na msimbo wake (herufi na tarakimu zinazoutambulisha), vipimo, dawa, upasuaji, siku za kulazwa, jina na saini ya mtabibu, na mwisho saini ya mgonjwa kwamba amepata huduma. Mwisho wa mwezi hospitali inakusanya madai na kuyapeleka. Wahakiki wa mfuko wanapitia, wanalipa wanachoridhika nacho na kukata wasichoridhika nacho, kisha hospitali inarudishiwa taarifa ya makato na sababu zake.

Mhakiki hamwoni mgonjwa. Anaona karatasi, na anauliza swali moja tu: je, ugonjwa ulioandikwa unabeba kipimo na dawa zilizodaiwa? Mchukue mgonjwa wa kliniki mwenye kisukari na shinikizo la damu. Daktari anamjua miaka mingi. Anaandika metformini 500 mg mara mbili kwa siku, vidonge 60 vya mwezi, na amlodipini 10 mg mara moja kwa siku, vidonge 30. Kwenye nafasi ya ugonjwa anaandika E11, kisukari aina ya pili, na kuita mgonjwa mwingine. Metformini inalipwa. Amlodipini inakatwa, vidonge vyote 30, kwa sababu hakuna ugonjwa kwenye fomu unaoihitaji. Kilichokosekana ni I10, msimbo wa shinikizo la damu, herufi moja na tarakimu mbili. Siku ya kliniki yenye wagonjwa 40 wa aina hii, kosa hili likiwa tabia ya daktari mmoja, ni vidonge 1,200 vilivyotoka dirisha la dawa na kulipiwa na hospitali yenyewe.

Kosa la pili kwa ukubwa ni tofauti kati ya kilichoandikwa na kilichotolewa. Mtu mzima amelazwa na nimonia, daktari ameandika seftriaksoni gramu 1 mara mbili kwa siku kwa siku 5, yaani vichupa 10. Siku ya nne asubuhi mgonjwa ana nafuu na anaruhusiwa na dawa za kumeza. Karatasi ya dawa ya muuguzi ina alama 7 za sindano. Karani wa bima, akifuata maandishi ya daktari, anadai 10. Mhakiki anahesabu alama, anakata 3. Kwa dai moja ni hela ndogo. Shida ni kwamba likijirudia linasomeka kama udanganyifu, na udanganyifu kwenye fomu ile unaweza kumfikisha mtu mahakamani na mbele ya Baraza. Daktari anapobadili dawa ya sindano kuwa ya kumeza, aandike kwa mkono wake tarehe na saa ya kusimamisha ile ya sindano. Asimwachie muuguzi akisie wala karani ajumlishe.

Lipo pia kosa la kuandika dalili badala ya ugonjwa. R50, homa, ni halali kama ugonjwa wa awali. Ikibaki R50 mpaka mgonjwa anaruhusiwa, huku kukiwa na picha ya kifua, kipimo cha damu nzima na antibayotiki ya sindano, mhakiki ana haki ya kuuliza vyote hivyo vilikuwa vya nini. Picha ya kifua ilionyesha nimonia, daktari aliiona, aliitibu, mgonjwa akapona. Hakurudi tu kwenye fomu kuandika J18, msimbo wa nimonia.

Kwenye upasuaji kinachokata zaidi ni ripoti ya upasuaji. Kwa uzazi wa upasuaji, ripoti iwe na sababu ya kupasua, saa ya kuanza, saa mtoto alipotoka, aina ya ganzi au usingizi, jina la aliyepasua, la msaidizi na la mtoa usingizi, kiasi cha damu iliyopotea kwa mililita, na kilichoonekana ndani. Hali ya kawaida usiku ni kwamba daktari anavua glavu na kukimbilia mgonjwa mwingine, akisema ataandika asubuhi. Asubuhi anakumbuka mtoto na mama, hakumbuki saa wala mililita. Bila ripoti, dai linabeba siku za kulazwa na dawa tu, na gharama ya chumba cha upasuaji, nyuzi na dawa za usingizi inabaki kwa hospitali. Kwa maoni yangu hili ndilo lenye hasara kubwa kuliko yote kwa mstari mmoja usioandikwa, na dakika tano kabla ya kuvua gauni zinatosha kulizuia. Pia ni suala la usalama: mama huyo akirudi na ujauzito mwingine baada ya miaka miwili, daktari atakayempokea atahitaji kujua kovu liko wapi kwenye mji wa mimba.

Halafu kuna ngazi. Mwongozo wa matibabu wa taifa na orodha ya dawa muhimu vinazipa dawa herufi: A kwa zahanati, B kwa kituo cha afya, C kwa hospitali ya wilaya, D kwa rufaa ya mkoa, S kwa huduma za kibingwa. Dawa ya S ikiandikwa na daktari asiye bingwa kwenye hospitali ya wilaya, inakatwa hata kama ndiyo aliyokuwa akiihitaji mgonjwa. Hili linawaumiza wagonjwa wanaorudi nyumbani Lushoto au Kilindi baada ya kuonwa na bingwa Muhimbili au KCMC ya Moshi. Kinachosaidia ni barua ya bingwa ibaki kwenye faili, na jina lake, tarehe na muda wa dawa vitajwe kila dawa inapoandikwa upya. Hata hivyo usitegemee barua itapita kila mara.

Mtarajali asiwe saini ya peke yake kwenye fomu. Anaweza kumwona mgonjwa na kuandika kila kitu, lakini saini ya daktari aliyesajiliwa kikamilifu iwepo.

Haya yote ni makato ya maandishi, na yako mikononi mwa hospitali. Makato ya bei ni habari nyingine. Machi 1, 2024 kitita kipya cha mafao cha NHIF kilipoanza kutumika, hospitali nyingi binafsi zilisitisha kwa muda kuwahudumia wanachama wa mfuko, zikisema bei mpya haziwezi kubeba gharama. Ugomvi wa bei unaamuliwa Dodoma na Dar es Salaam, na madaktari wana haki ya kusema kupitia chama chao. Ila daktari wa wodini akisema makato yote ni ya bei, anajinyima kile ambacho angeweza kukirekebisha kesho asubuhi.

Taarifa ya makato inaporudi, katika hospitali nyingi inaishia ofisi ya uhasibu au kitengo cha bima. Karani anaisoma, anasikitika, anaifungia kabatini. Daktari aliyesahau I10 hajui, ataisahau tena Jumatatu. Taarifa hiyo isomwe kwenye kikao cha asubuhi cha madaktari mara moja kwa mwezi, kwa idara na si kwa majina, sababu tano kubwa tu. Na makato yenye ushahidi yarudishwe kwa mfuko yakiwa na nakala za ushahidi huo: ripoti ya upasuaji iliyosahaulika kuambatishwa inaweza kuokoa dai, ripoti iliyoandikwa leo kwa tarehe ya jana haiokoi kitu na inaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kutoka makusanyo hadi posho

Pesa ya bima ikiingia haigawiwi kwa madaktari waliowatibu wagonjwa wale. Inaingia kwenye akaunti ya hospitali, na foleni yake ni ndefu: dawa na vifaa tiba, deni la Bohari ya Dawa, umeme, maji, oksijeni, mafuta ya gari la wagonjwa, mishahara ya watumishi wa mkataba. Posho za kuitwa kazini na za saa za ziada zimo kwenye foleni hiyo, na mara nyingi ziko nyuma. Mwezi ambao makato ya bima ni makubwa, zinazoahirishwa ni hizi, kwa sababu umeme ukikatika chumba cha upasuaji kinasimama, daktari asipolipwa anaendelea kuja.

Posho yenyewe nayo ina karatasi zake. Inahitaji ratiba ya zamu iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, kabla ya mwezi kuanza, daftari la mahudhurio la zamu, fomu ya madai, dokezo la kuidhinisha na vocha. Inapokwama, chanzo kikubwa ni kubadilishana zamu kienyeji. Madaktari wawili wanakubaliana kwa simu, ratiba inabaki na jina la kwanza, aliyefanya kazi ni wa pili, na mwisho wa mwezi wote wawili wanadai usiku uleule au hakuna anayedai. Mkaguzi wa ndani akikuta usiku mmoja una madai mawili ya nafasi moja, husimamisha orodha nzima ya idara na si hayo mawili tu. Mabadiliko ya zamu yaandikwe kwenye ratiba siku hiyohiyo, na saini mbili na ya mkuu wa idara.

Fomu ya madai ipelekwe ndani ya wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, na nakala ibaki kwa mdai. Tarehe ya kuiogopa ni Juni 30. Posho isiyolipwa mpaka mwaka wa fedha ukafungwa inageuka deni la mtumishi, na deni la mtumishi halilipwi kwa dokezo la hospitali. Linaingia kwenye uhakiki, ambako kila usiku unaodaiwa unaombewa ratiba yake, daftari lake na fomu yake halisi. Mwenye nakala hizo hupita. Anayesema ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani wodini hana cha kuonyesha, kwa kuwa ya mwezi uliofuata ilibandikwa juu yake.